Ngazi Kumi na Tatu za Mahakama ya Tanner

Mzee Suresh Vaghela alikutwa amelala chini ya ngazi za mahabusu, kwa ubavu wa kulia, mkono mmoja chini ya shavu kama mtu aliyejinyoosha baada ya mlo mzito. Damu ilimtoka kisogoni, ikapita juu ya jiwe jeupe na kukomea ukutani. Miwani yake ilikuwa pembeni, imekunjwa vizuri. Haikuvunjika.

"Yu hai," alisema mhudumu wa gari la wagonjwa. "Lakini hali yake si ya kuchezea."

Inspekta Lydia Mwakio alichuchumaa. Hakuitazama damu. Aliitazama ile miwani, kisha mkono ule chini ya shavu. Mtu anayeporomoka ngazi kumi na tatu za mawe hakunji miwani yake. Huyu alianguka, halafu kuna mtu akamlaza.

Ilikuwa Jumanne ya Februari 2012, saa kumi na moja jioni. Nje, Lewisham ilikuwa inafunga soko lake kwenye mvua. Ndani, Mahakama ya Tanner ilikuwa baridi kuliko nje. Ilikuwa na miezi kumi na minne tangu ifungwe. Wakubwa walikaa mahali penye joto, wakapewa orodha ya mahakama na kalamu, wakapiga mistari. Tanner ikapigwa mstari. Hakuna hata mmoja wao aliyekuja kuiona kwanza. Wangekuja wangeona dari ya mwaloni, madirisha marefu, na nembo ya ufalme iliyochongwa juu ya kiti cha hakimu na mafundi ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Sajini Harjit alishuka akiwa na daftari. Alizaliwa hapa hapa London kwa wazazi wa Nairobi. Kiswahili alikielewa chote, lakini kila mara alijibu kwa Kiingereza.

"Faili halipo, Inspekta," alisema. "Mzee alikuwa na meza yake kule juu. Kuna rula, kuna penseli, kuna chai iliyopoa. Faili hakuna."

"Faili la nini?"

"Michoro ya jengo, ile halisi ya mwaka 1894. Na maandishi yake mwenyewe. Hana nakala. Alikuwa haamini kompyuta."

Mzee Suresh alikuwa mchoraji ramani wa reli aliyestaafu, mzaliwa wa Nakuru. Kwa miaka mitatu, bila kulipwa na mtu, alikuwa anaandika historia ya mahakama nne ambazo msanifu mmoja, Josiah Venn, aliijengea kaunti ya London ya zamani. Moja iliungua. Moja ilipigwa bomu wakati wa vita. Zimebaki mbili, ya Kilburn na hii. Jumatatu ijayo kamati ya urithi ingesoma maandishi hayo. Ikikubali, Tanner haibomolewi. Bila maandishi, tingatinga zinaingia Machi.

"Nani aliyemkuta?"

"Mlinzi. Yuko juu, anakungoja."

Mlinzi alikuwa Laurean Rwegasira, mtu wa Bukoba, mrefu, mpole, sare imempwaya mabegani. Aliposikia Kiswahili cha Lydia alishusha pumzi kama aliyetua gunia.

"Afande, sikumgusa. Nilikuta amelala. Nikapiga simu, basi."

"Nani mwingine aliingia leo?"

"Hakuna. Mlango ni mmoja, na mimi ndiye nilikuwa mlangoni."

Hilo ndilo lililokuja kumponza.

*

Jumatano saa tatu asubuhi Mrakibu Pemberton alitoa amri mlinzi akamatwe. Alitoa amri hiyo akiwa ofisini, kikombe mkononi. Tanner hakufika, wala hakuwa na mpango wa kufika.

"Mahakama ina njia tatu," alisema. "Ya umma, ya mahabusu, ya hakimu. Ndivyo zilivyojengwa, watu wa aina tatu wasikutane. Njia ya mahabusu ina mnyororo na lakiri ya manispaa, haijaguswa. Mlango wa hakimu, ule wa uani, ulizibwa kwa matofali mwaka 1953. Inabaki ya umma, na hapo alikaa nani?"

"Mlinzi, bwana. Lakini faili alipeleke wapi? Tumempekua, tumepekua na chumba chake."

"Utamuuliza. Sheria inakupa saa thelathini na sita. Kesho saa tatu usiku nataka ameshafunguliwa mashtaka. Nina ripoti ya mwezi."

Ripoti ya mwezi. Lydia alitoka upesi, maana jibu alilokuwa nalo lingemrudisha kuongoza magari barabarani.

Chumbani, baada ya onyo la kisheria kusomwa na wakili wa zamu kukaa, alianza.

"Jana uliondoka mlangoni?"

"Sikuondoka."

"Hata dakika moja?"

"Hata."

Lydia aliweka mfuko mdogo wa plastiki mezani. Ndani mlikuwa na maganda makavu, meusi, madogo kama kucha.

"Yameokotwa juu ya ngazi, karibu na kizimba. Mrakibu wangu anasema ni dawa za kulevya. Yamepelekwa maabara, wamekuna vichwa. Mimi nimeishi miaka miwili nyumba moja na muuguzi wa Bukoba. Hii ni nini, Laurean?"

Mlinzi alifumba macho. "Kahawa ya kutafuna."

"Ya nani?"

"Yangu. Mama ananitumia."

"Kwa hiyo uliondoka."

"Dakika kumi na tano tu, afande. Kila siku saa tisa unusu napanda kwa mzee. Natoa kahawa, tunatafuna, ananieleza habari za mawe, namweleza habari za ziwa. Sasa, mtu akija unapokaa wewe usimpe kahawa, wewe ni mtu kweli? Huyo ni mgeni wangu. Kule ndani ya mahakama ni mimi mwenyeji."

"Unadanganya polisi kwa ajili ya kahawa?"

"Kampuni imeandika, mlinzi akiacha mlango, kazi hana. Nikikosa kazi wiki hii nimekwisha." Alikunja mikono juu ya meza. "Ijumaa saa nne naitwa Croydon, kwenye ofisi ya uhamiaji. Miaka minane nangoja hiyo siku. Nikipata kibali, mke wangu Jesca anakuja na binti yetu. Mtoto nilimwacha anatambaa, afande. Sasa ananisahihisha Kiswahili kwenye simu. Ukinifungulia mashtaka kesho, Ijumaa niende kuwaambia nini?"

Wakili alitazama dari. Lydia hakuwa na dari ya kutazama.

"Ulipomwacha mzee alikuwaje?"

"Mzima. Anacheka. Nikarudi mlangoni saa kumi kasorobo. Kama saa kumi nikamwona tena, kupitia kioo cha mlango wa ukumbi. Kile kioo kina maua, sura huoni, unaona kivuli tu. Alikuwa katikati ya ukumbi, kitu kikubwa kwapani. Akainama, akainuka, akaenda zake."

"Aliinama kufanya nini?"

"Si kupima sakafu? Mzee kazi yake kupima."

"Alienda upande gani?"

"Wa kiti cha hakimu. Saa kumi unusu napanda kufunga madirisha, namkuta chini."

*

Hospitalini Lewisham, mzee alikuwa bado hajazinduka. Pembeni ya kitanda alikaa mama wa Kihindi wa miaka sabini hivi, sweta juu ya sari, chupa ya chai miguuni. Aliinuka alipomwona Lydia, taratibu, kwa heshima ya mtu aliyefundishwa kuinuka.

"Mimi Indu Ruparel. Rafiki yake. Nilikuwa mhudumu pale Tanner miaka ishirini na sita. Niliita majina, niliapisha mashahidi, nilibeba maji ya hakimu. Naye Suresh ananipa maandishi yake nimsomee makosa."

"Kiswahili chako kizuri, Mama Indu."

"Cha Kisumu. Nimetoka nacho 1968, hakuna aliyekidai forodhani."

Lydia alicheka. "Nani asingependa jengo lile lihifadhiwe?"

"Muulize Malek Jessa. Ameshachora maghorofa juu yake."

"Na wewe jana saa kumi ulikuwa wapi? Nauliza kila mtu."

"Maktaba. Kila Jumanne nawasomea watoto hadithi." Alirekebisha shuka la mgonjwa ambalo halikuhitaji kurekebishwa. "Watu wanasema mmemkamata yule kijana mlinzi. Kwa nini? Yule hana kosa."

"Unajuaje?"

"Anampa mzee kahawa kila siku. Mtu wa namna hiyo..." Hakumaliza. Alimtazama Suresh. "Akiamka atasema mwenyewe. Mngoje aamke."

"Daktari hajui ataamka lini. Na mkubwa wangu ana saa yake, na kijana Ijumaa ana shauri lake la uhamiaji Croydon."

Mama Indu alikaa tena, akavuta kiti karibu zaidi na kitanda.

*

Malek Jessa alimpokea Croydon, ghorofa ya kumi na moja, ukuta mzima kioo, tramu zikipita chini kama midoli.

"Inspekta! Karibu, karibu. Mimi mtoto wa Mwanza, wewe mtoto wa wapi?"

"Wa Taita. Jana saa kumi ulikuwa wapi?"

"Ah, hata maji hujanywa?"

"Saa kumi, Bwana Malek."

"Hapa hapa, na mawakili watano. Watano! Mmoja tu ananitosha kunitia kichaa." Aliita karatasi, ikaletwa, majina na saa zote zipo. "Dada, sikiliza. Ningetaka kuua mahakama ile nisingempiga mzee. Ningengoja. Serikali inaniulia bure. Paa linavuja, hawazibi. Mwaka mmoja mwingine litaanguka lenyewe, halafu waniombe niwasaidie kuzoa."

Hapo, kwa mara ya kwanza siku ile, Lydia alisikia ukweli mtupu, na ulitoka kwa mtu asiyempenda.

"Wapimaji wako walishaingia Tanner?"

"Mwaka jana. Walirudi na swali ambalo mpaka leo sina jibu. Upande wa maktaba ya jirani kuna ukuta una unene wa futi sita. Futi sita! Ni mahakama au ngome? Nikamuuliza mzee Suresh, akacheka tu. Akaniambia Venn hakujenga kitu bila sababu, soma kitabu changu kikitoka."

"Mzee alijua sababu?"

"Alikuwa na michoro, bwana. Michoro ndiyo inajua."

Na michoro ndiyo iliyoibwa. Lydia alishuka kwa lifti akiwaza ukuta. Ukiwa na mapacha wawili, mmoja akanyamaza, si unamwendea wa pili? Na pacha wa Tanner alikuwa Kilburn.

*

Alhamisi asubuhi Lydia na Harjit walikaa benchi la nyuma la Mahakama ya Kilburn. Ilikuwa inaendelea na kazi zake: leseni, ugomvi wa majirani, kijana aliyeiba baiskeli. Dari ile ile ya mwaloni, kizimba kile kile, nembo ile ile ya ufalme juu ya kiti. Ila hii ilikuwa imejaa watu, na jengo lilionekana linapumua.

Mahakama ilipumzika. Hakimu akatoka. Mawakili wakakusanya makaratasi, na kila aliyefika mlangoni aligeuka, akainamisha kichwa na mabega kuelekea kiti cha juu, akatoka. Mhudumu wa kike aliyevaa joho jeusi akabaki peke yake. Akachukua jagi la maji, akalibana kwapani. Katikati ya ukumbi akasimama, akainama, akainuka, akaendelea.

Lydia aliinuka kwenye benchi kama aliyechomwa sindano.

"Samahani, mama. Ulikuwa unamwinamia nani? Kiti ni kitupu."

Mhudumu alicheka kwa aibu. "Si mtu. Ni nembo ile ukutani. Desturi ya mahakama, ukikatiza mbele yake unainama. Nina miaka kumi na tisa hapa. Hata nikija kupiga deki peke yangu Jumamosi nainama. Mwili umezoea, hauniulizi."

"Anayepima sakafu anachuchumaa," Lydia alimwambia Harjit polepole. "Anakaa chini, anasoma futi, anaandika. Laurean alisema nini? Akainama, akainuka, akaenda zake. Na kitu kikubwa kwapani. Yule hakuwa Suresh. Suresh ni mtu wa reli, hakuwahi kufanya kazi mahakamani hata siku moja. Aliyepita pale alikuwa na faili tayari, na mwili wake ulizoea."

Harjit alikuwa ameacha kuandika. "Alipita wapi?"

"Mama, hakimu wenu anaingilia wapi? Sioni mlango wa uani."

"Upo, lakini hawautumii. Wanatokea jengo la jirani. Kuna njia ndani ya ukuta, unatokea nyuma ya kiti, pale kwenye ubao wenye maua. Zamani mahakimu waliogopa kukutana na ndugu za watu waliowafunga." Alionyesha kulia. "Ukuta huu. Mnene balaa."

Walipewa ramani ya jengo, ile inayobandikwa ukutani kwa ajili ya moto. Harjit aliigeuza huku na huku.

"Kulia. Lakini Inspekta, kwa Tanner kulia ni uwanja wa mahabusu. Wazi kabisa. Hakuna jengo la jirani."

Lydia alichukua karatasi, akaibandika kwenye kioo cha dirisha ili mwanga upenye, kisha akaitazama kwa nyuma. Mlango wa umma uliruka upande wa pili. Kizimba kikahama. Ngazi zikahama.

"Kona ya barabara ya Tanner inatazama kinyume na hii," alisema. "Venn aligeuza mchoro, akajenga jengo lile lile kama unaliona kwenye kioo cha kujitazamia. Kulia ya hapa ni kushoto ya kule. Na kushoto kwa Tanner kuna nini?"

Harjit aliweka kidole kwenye ramani. Kwa mara ya kwanza tangu Lydia amjue, alijibu kwa Kiswahili.

"Maktaba."

*

Nyuma ya kabati la vitabu vya watoto, maktaba ya Lewisham ilikuwa na mlango mwembamba uliopakwa rangi ya ukuta. Mkutubi alisema hapo ni stoo ya zamani, anayeingia ni Mama Indu peke yake, huweka mito ya watoto ya kukalia. Baada ya mito kulikuwa na mlango wa pili. Baada ya mlango wa pili kulikuwa na giza, vumbi, na nyayo mpya za viatu vidogo, za kwenda na kurudi.

Hatua arobaini na mbili ndani ya ukuta. Mwisho wake, Harjit alisukuma ubao wenye maua wakatokea nyuma ya kiti cha hakimu wa Tanner.

Faili lilikuwa njiani, kwenye shimo la ukutani palipowahi kukaa taa. Limefungwa ndani ya joho jeusi la mhudumu wa mahakama, lililokunjwa mara nne, pembe kwa pembe, faili lisiingie unyevu.

Saa kumi alasiri Mama Indu aliletwa maktaba. Hakuuliza aliitiwa nini. Aliliona joho mezani, akakaa kwenye kiti cha karibu, ambacho kilikuwa cha mtoto, chekundu, magoti yakamfika kifuani. Lydia alivuta kingine kama hicho, akakaa mbele yake. Alimsomea onyo la kisheria, neno kwa neno.

"Nalijua hilo," alisema Mama Indu. "Nimelisikia mara elfu. Uliza, mwanangu."

"Jumanne saa kumi ulipita ndani ya ukuta."

"Nilipita. Hadithi iliisha saa kumi kasorobo. Nilidhani Suresh ameshaondoka."

"Hakuondoka."

"Alikuwa anarudi kwenye kizimba na rula yake. Akaniona nina faili. Akasema, Indu, unafanya nini? Akashika upande mmoja, nikashika mwingine. Wazee wawili, fikiria, tunavutana kama watoto wa chekechea juu ya ngazi. Akateleza." Alifunika mdomo, kisha akaondoa mkono. "Nilishuka. Nilimlaza ubavu, nikamvua miwani, nikasikiliza pumzi. Nikasikia funguo za mlinzi, nikadhani anaanza kufunga madirisha mapema, nikasema atamkuta. Nikakimbia. Nilimwacha rafiki yangu chini ya ngazi zile. Kati ya ngazi zote za dunia."

"Mlinzi alimkuta saa kumi unusu. Ni dakika ishirini na tano au zaidi, Mama Indu."

"Nilisikia vibaya, basi. Au nilitaka kusikia. Andika hivyo."

Lydia aliandika.

"Ulikatiza ukumbi na faili. Mlinzi alikuona kwenye kioo."

"Anijue vipi? Kioo kile hakionyeshi mtu."

"Uliinama. Mbele ya nembo."

Mama Indu alimtazama kama aliyetukanwa. "Mimi? Siku ile? Niliinama?"

"Uliinama."

Aliligeuzia macho joho mezani. Watoto wawili walikuja kutafuta kitabu, wakamwona, wakampungia mkono. Akawapungia.

"Nililitaka jengo lile livunjwe," alisema. "Ningekuwa na nguvu ningelivunja kwa mikono. Na bado nikaliinamia. Ona walivyotufanya."

"Kwa nini livunjwe?"

"Nilikuwa na mdogo wangu, Chaman. Mwaka 1973 alikuwa na miaka ishirini. Alisimama kituo cha basi, karibu na duka la saa. Polisi wakamshika. Siku hizo walikuwa na sheria, unashikwa kwa kutiliwa shaka tu kwamba utaiba. Alikuwa na Kigujarati na Kiswahili. Kiingereza, salamu tu. Mkalimani hakuletwa. Hakimu akamuuliza, unaelewa? Chaman akainamisha macho, akasema ndiyo bwana. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa Kisumu, mkubwa akikuuliza unashusha macho, unasema ndiyo bwana. Karani akaandika amekiri kosa. Dakika tisa, mwanangu. Nilikuwa juu kwenye viti vya umma, nahesabu saa ya ukutani. Miezi mitatu jela."

Harjit aliandika: dakika tisa.

"Wakamgeuza kumteremsha. Alipofika juu ya ngazi akanitafuta kwa macho, akaniona. Akaniuliza kwa Kiswahili, kwa sauti, mahakama nzima inasikia. 'Dada, kutokea ni huku?'"

Alishaisema sentensi ile moyoni kwa miaka thelathini na tisa.

"Alitoka jela, lakini hakutoka. Alikaa chumbani kwangu Kilburn miaka minane, hakutaka mlango ufunguliwe. Kifua kikamchukua. Mimi nikaomba kazi pale pale Tanner. Watu walisema Indu kachanganyikiwa. Nilitaka kusimama karibu na kizimba, ili mgeni yeyote akiletwa nimwambie kwa lugha yake, ndugu, ngazi hizo zinakwenda mahabusu, usikubali kitu usichokielewa. Nimewaambia wengi. Hilo silijutii."

"Na Mzee Suresh?"

"Aliandika vizuri sana. Nikafika ukurasa wa arobaini. 'Ngazi kumi na tatu za mawe, zilizonyooka bila kosa, ndizo fahari kuu ya jengo hili.' Fahari! Nikamwambia, Suresh, weka na jina la Chaman hapo. Mstari mmoja. Akasema kamati inataka mawe, haitaki machozi. Akasema ukiweka watu, wakubwa watakataa." Aliinua macho. "Basi nikasema, kama ni mawe tu, yaende na tingatinga."

"Kwa nini hukulichoma faili?"

"Nililibeba nichome. Njiani nikalifungua. Amechora kila ngazi kwa mkono wake, hata pale jiwe lilipolika kwa miguu ya watu. Mtu ambaye hajali watu hachori hivyo." Alisimama kutoka kwenye kiti cha mtoto kwa shida, Lydia akamshika kiwiko. "Mfungulieni kijana. Leo. Kesho ni Ijumaa, si ndiyo? Uliniambia hospitalini ana shauri lake Croydon. Nilikesha nikijiuliza mimi na yule karani wa 1973 tuna tofauti gani. Nilikuwa naja kwenu, mwanangu. Miguu tu ilikuwa inachelewa."

*

Mrakibu Pemberton alisoma maelezo ya kukiri kosa yote, kurasa saba, amesimama. Alitaka kujua kama mlinzi bado angeweza kushtakiwa kwa kuacha mlango. Lydia akamweleza kwamba kutafuna kahawa hakujawahi kuwa jinai katika sheria za Uingereza, akampa karatasi ya kumwachia mtuhumiwa, akamwonyesha kwa kidole mahali pa kuweka saini. Aliweka. Saa kumi na mbili jioni Laurean alitoka, na mfukoni alikuwa na barua ya polisi yenye muhuri: hana kosa, hana mashtaka, hayuko kwa dhamana.

Ijumaa asubuhi Mzee Suresh alikuwa ameamka. Kichwa kilikuwa na bendeji kubwa kama kilemba, na ulimi ulikuwa mzima kabisa.

"Andika, Inspekta. Tulivutana. Mimi ndiye nilivuta zaidi. Nimeteleza mwenyewe."

"Mzee, faili liliibwa. Na uliachwa pale. Mama Indu atafikishwa mahakamani, hilo siwezi kulificha."

"Mahakama ipi? Si mmezifunga zote?" Alicheka mpaka akashika kichwa. "Nitakuja kusema upande wake. Niende na bendeji hii hii, hakimu aone huruma." Kisha akaiweka mikono juu ya shuka. "Indu alikwambia huyo Chaman alikuwa nani?"

"Aliniambia." Lydia akamsimulia yote, mpaka lile swali la juu ya ngazi.

"Mimi hakuniambia. Aliniambia weka jina, sikumuuliza la nini. Miaka mitatu napima zile ngazi. Nimepima kimo, nimepima upana, nimepima jinsi zilivyolika." Alifuta macho kwa ncha ya shuka. "Faili liko wapi?"

Kama ushahidi lilipaswa kubaki kituoni. Lydia alikuwa ametoa nakala ya kila ukurasa, usiku, kwenye mashine ya Pemberton. Alimwekea mapajani. Mzee akafungua ukurasa wa arobaini, akashika penseli. Mkono ulicheza, mstari ukaenda kombo, akaufuta.

Simu ya Lydia iliita saa sita kasoro dakika tano.

"Afande!" Sauti ya Laurean ilikuwa nyuma ya kelele za tramu. "Nimetoka. Wamesoma barua yako, wakasoma tena, wakaniuliza maswali kama elfu. Wamenipa! Karatasi ninayo mkononi, sijui niikunje au niibebe hivi hivi. Nimempigia Jesca, analia, mtoto naye analia bila kujua analilia nini. Mzee je?"

"Nipe hiyo simu," alisema Suresh, mkono umeshanyooshwa. "Laurean! Hongera, bwana, hongera sana. Sasa sikiliza. Panda tramu uje hapa. Kuna jina la kuongeza kwenye kitabu kabla ya Jumatatu, na mkono wangu unatetemeka. Uje uandike wewe."

"Mimi, mzee? Na mwandiko wangu huu? Mimi niliishia darasa la saba."

"Huo huo," alisema mzee, akaigeuza penseli na kuielekeza ncha mlangoni. "Miaka mia moja na kumi na nane jengo lile limeandikwa na wenye mwandiko mzuri, na hakuna aliyemwandika yule kijana. Njoo."